Uzoefu wangu: mwezi mmoja na CD ya Jimmy Scott, "All the Way"

Niliinunua kwa dola sita hapa Cleveland, Marekani, kwenye duka la mitumba nililoingia kutafuta jaketi. Kasha limepasuka pembe, lakini muuzaji aliniapia kwamba CD yenyewe haina hata mkwaruzo. Mkwaruzo upo, tena mahali pabaya. Nitafika huko.

Kwanza mali yenyewe. Ilitoka mwaka 1992 chini ya lebo ya Sire, nyimbo tisa tu, karibu zote za mwendo wa pole. Kwenye piano yupo Kenny Barron, besi Ron Carter, ngoma Grady Tate, saksafoni David "Fathead" Newman, na fidla zimepangwa na Johnny Mandel. Aliyesimamia kazi ni Tommy LiPuma, mzaliwa wa Cleveland kama Scott mwenyewe. Kwa wapigaji hao, hata angeimba jirani yangu wa ghorofani ningetoa dola sita. Aliyeimba ni mzee ambaye mwaka huo alitimiza miaka 67, na wengi wanaopenda jazi hata jina lake hawajapata kulisikia.

Sasa sauti. Ni ya juu, ya kike kabisa ukiisikia kwa mbali, ila ina uzito ambao hujui umetoka wapi. Mwisho wa mstari neno halikatiki, linatetemeka kwanza, kisha linazimika lenyewe. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya gari, nje ya kazini, nasubiri zamu ya usiku. Nikaliangalia tena jalada nikidhani muuzaji kanichanganyia CD. Jalada la mwanamume, sauti ya mwanamke.

Tangu siku hiyo nimeipiga mbele ya watu wengi, na swali ni lile lile: "Huyu ni bibi au bwana?"

Mwanzoni nilikuwa najibu kwa hadithi nzima, na hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Hadithi ni hii. Scott alizaliwa na hali inayoitwa Kallmann, ya kurithi, ambayo mwili haupati amri ya kubalehe. Sauti yake ikabaki palepale ilipokuwa utotoni, naye akabaki mfupi, kama sentimeta 150. Ndiyo maana Lionel Hampton alipomchukua kwenye bendi yake alimpa jina la Little Jimmy, yaani Jimmy Mdogo. Akiwa na miaka 37 hivi, kimo kikaongezeka ghafla karibu sentimeta 20. Sauti haikuguswa.

Mfanyakazi mwenzangu wa kwanza niliyemsimulia hayo alisikiliza nyimbo mbili zilizobaki kwa uso wa mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa. "Maskini," akasema kila baada ya ubeti. Nikagundua nimemharibia. Alikuwa hasikii tena muziki, anasikia cheti cha daktari.

Mwingine ni kaka mmoja wa Uvira tunayefanya naye zamu. Huyu sikumwambia chochote. Alisikiliza huku anafunga mifuko ya mashuka, akasema, "Ni mwanaume. Uko unashangaa nini?" Kwao Kongo wanaume kuimba juu ni jambo la kila siku, akanitajia Papa Wemba kana kwamba nimezaliwa jana. Kilichomshinda ni kwamba Scott habani sauti. Anayebana unamsikia anapanda na kushuka ngazi. Huyu anakaa hukohuko juu, hapo ndipo kwake. Kaka akaomba nirudishe nyuma, asikilize pale anapovuta pumzi. Hilo mimi sikuwa nimelitilia maanani kabisa. Kipaza sauti kimemkaribia kiasi kwamba pumzi unaisikia, na anaivuta katikati ya sentensi, mahali ambapo mwalimu yeyote wa kwaya angekuchapa.

Lakini msikilizaji wangu mkubwa ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga kumwangalia mjukuu, na sikio lake limelelewa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, kwa hiyo usimletee mwimbaji wa kubahatisha. Siku hiyo alikuwa mezani anachambua maharage. Nikaweka CD bila kusema neno.

Wimbo wa kwanza kimya. Wa pili akauliza, "Dada huyu wa wapi?"

"Wa hapahapa Cleveland, mama. Lakini ni bwana."

Akanitazama, akarudi kwenye maharage. "Haya, bwana. Mbona anachelewa?"

Nikajidai sijaelewa.

"Anachelewa, mwanangu. Mpiga ngoma keshafika, mpiga kinanda keshafika, yeye bado yuko njiani. Tena hana wasiwasi."

Nimesoma maelezo mengi ya watu wenye elimu yao ya muziki kuhusu jambo hili, kwamba Scott huimba nyuma ya mdundo kuliko karibu mwimbaji yeyote wa jazi. Hakuna aliyelieleza vizuri kama bibi wa Tanga mwenye sinia la maharage. Sikiliza wimbo wa tatu, "At Last". Bendi inafunga mstari, Ron Carter anatua kwenye noti yake, halafu kuna kijishimo cha kimya ambapo unadhani mzee amesahau maneno. Ndipo neno linakuja, peke yake. Ron Carter na Grady Tate hawamkimbizi wala hawamngoji. Wanatembea zao. Ukipiga mguu chini kufuata wimbo huu, mguu wako na mdomo wake havitakutana.

Mama alipofika wimbo wa tano akauliza kama huyu bwana hana hata mmoja wa kuchangamka. Hana. Hilo liwe onyo kwa mnunuzi: si CD ya kupikia pilau na wageni, na usiiweke unapoendesha gari alfajiri umetoka zamu. Lawama yangu nyingine ni fidla. Mahali pengine zimetiwa sukari nyingi, kama chai ya msibani, na sauti ile haihitaji kupambwa. Nyimbo anazobaki na piano, besi na ngoma ndizo nzuri zaidi.

Kuhusu hadithi, siku hizi nasimulia nyingine kabisa, na haihusu mwili wake. Mwaka 1950 wimbo wake na bendi ya Hampton ulipendwa sana Marekani, lakini kwenye santuri jina la Scott halikuandikwa. Kuna rekodi aliyoimba na mpiga saksafoni Charlie Parker pale klabu ya Birdland, New York. Ilipochapishwa wakaandika kuwa mwimbaji ni Chubby Newsom, ambaye ni mwanamke. Mwaka 1962 Ray Charles akamrekodi kwa lebo yake ya Tangerine, yeye mwenyewe akipiga piano. Jaladani wakaweka picha ya wapenzi wawili, si ya Scott. Hata hiyo haikukaa madukani: Herman Lubinsky wa lebo ya Savoy alidai mkataba wa Scott bado ni wake, santuri zikaondolewa, na haikutolewa tena mpaka 2002. Katikati ya hayo alirudi hapa Cleveland akafanya kazi za kawaida, hotelini na hospitalini. Nasukuma vitanda vya wazee katika mji uleule, kwa hiyo kipande hiki huwa nakisimulia taratibu.

Aliyemrudisha ni marehemu. Rafiki yake, mtunzi Doc Pomus, alifariki Machi 1991, Scott akaimba kwenye mazishi yake. Mmoja wa waombolezaji alikuwa Seymour Stein, bosi wa Sire. CD hii ninayoizungumzia ilianzia pale.

Nikisimulia hivyo, watu hawasemi "maskini". Wanakasirika, halafu wanasikiliza. Nami naanza na jina: huyu ni Jimmy Scott. Nimeona kwamba hilo ndilo alilonyimwa miaka yote, na mtu akishalishika jina, swali la bibi au bwana linakosa nguvu. Daktari wake nimemwacha apumzike. Atakayetaka kujua atatafuta mwenyewe.

Ubora wa sauti kwenye CD ni safi, besi imejaa, hata kwenye spika yangu ya bei ya chini. Kuhusu ule mkwaruzo: uko kwenye "Every Time We Say Goodbye", ubeti wa mwisho, anapoivuta ile pumzi. Inaruka. Pumzi inaanza, halafu tupo sekunde kadhaa mbele. Nimeifuta kwa kitambaa, nimeipaka dawa ya meno kama alivyonishauri shemeji, bado. Dukani walisema mali ikishatoka hairudi. Naagiza nyingine, mpya. Nyota nne, ya tano nimewanyang'anya fidla.

Mama alirudi Tanga wiki iliyopita. Juzi akanitumia ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma yake: nimtumie ule wimbo wa yule bwana anayechelewa, jirani anautaka, na jirani ameshaambiwa ni bwana kwa hiyo nisihangaike kueleza. Nikamtumia wa tatu.