Kitanda cha kukunja kilichoandikwa kilo 200: uzoefu wangu Unguja

Wageni wa kwetu hawakatiki. Meli ya Pemba ikifika, ami yangu wa Wete anashuka kwenda kliniki Mnazi Mmoja. Skuli zikifungwa wanakuja watoto wa khaloo. Sikukuu ndiyo usiseme. Nyumba ni ya Michenzani na vyumba haviongezeki, kwa hiyo nilinunua kitanda cha kukunja cha mabomba ya chuma, futi 4 kwa upana, chenye magurudumu na mguu wa katikati. Nililipa Sh 250,000 kwenye duka moja la mjini. Ramadhani imepita juu yake, na Idi zote mbili, na nina ya kusema.

Kwa mtu mmoja ni kitanda kizuri sana. Ami ni mtu wa mwili, na hulala mpaka alfajiri bila chuma kulia. Kinafunguka kwa mkono mmoja, kinasimama nyuma ya mlango kikikunjwa, na vijana wawili wanakipandisha ngazi bila taabu. Hapo sina lawama.

Lawama yangu ni ile namba. Muuzaji aliniambia, "Hiki wanalala wawili na mtoto kati, dada, kilo 200 hizo." Na kweli kibandiko kwenye bomba kinasema LBS 440, ambazo ni karibu kilo 200. Lakini hakisemi kilo 200 za nini, zimekaa wapi, zimewekwaje. Mambo hayo matatu ndiyo kitanda chenyewe.

Kaka yangu anaishi Marekani na ana trela ya kambi, ya zile zenye kuta ngumu katikati na vitanda vinavyofunguka nje kwa mbele na nyuma, vikifunikwa kwa hema. Kitanda chenyewe kinaning'inia nje ya trela, kimeshikiliwa na vyuma vya chini tu. Yeye hampandishi mtu juu kabla vyuma vile havijakaa mahali pake, na akihesabu uzito huhesabu kila kilichomo: watu, godoro, mablanketi, mpaka begi la mtoto. Nilipomsimulia habari ya kitanda changu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na godoro je, umelitia kwenye hesabu?" Godoro la sponji la inchi 4 ni jepesi, kilo chache tu. La springi linafika kilo 20 na kuzidi, na la usufi la kizamani nalo si la kubeza. Uzito huo wote unatoka kwenye namba ileile kabla mgeni hajavua viatu.

Halafu mahali. Mtu aliyelala amejitandaza, kila chaga inabeba kidogo na miguu yote inasaidiana. Aliyekaa ukingoni anatua karibu uzito wake wote kwenye bomba moja la pembeni. Na hakuna anayelala bila kukaa ukingoni kwanza! Khaloo na binti yake walilala juu yake usiku wa Idi vizuri tu, na kwa pamoja hawafiki kilo 160. Asubuhi walikaa upande mmoja, bega kwa bega, wafunge baibui zao waende kusali. Bomba lilipinda pale kwenye bawaba, hapo hapo. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, lakini khaloo alitahayari, na hilo liliniuma kuliko zile pesa. Mgeni hafai kuondoka kwangu akidhani mwili wake ndio wenye kosa.

Tena kuna namna ya kukaa. Uzito unaoachiwa kwa ghafla, hata bila kuruka, hukipinda chuma kama mara mbili ya uzito uleule ulioshushwa polepole. Mtu wa kilo 90 anayejibwaga kwa uchovu wa safari, kwa dakika ile bomba linamwona kama wa kilo 180. Watoto wanaorukaruka sitaki hata kuwapigia hesabu.

Dukani walinijibu kuwa kupinda hakumo kwenye dhamana. Nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea Mwanakwerekwe. Alifungua kizibo cha plastiki mwisho wa bomba akanionesha ukuta wake: hauzidi milimita 1. Alitia kipande cha chuma juu ya bawaba, kisha akaongeza miguu miwili, mmoja kila upande, katikati ya ile iliyokuwepo. Nilidhani miguu ni ya kubahatisha, kumbe ndiyo dawa yenyewe. Bomba lilelile, mzigo uleule katikati, ukipunguza nusu ya nafasi baina ya miguu, kubonyea kunabaki sehemu moja ya nane tu. Sasa ukikaa ukingoni unahisi kabisa tofauti.

Jambo jingine ni kutu, na huku kwetu si dogo. Rangi ya nje ni nzuri, lakini matundu ya ribiti yametobolewa baada ya kupakwa, na hewa ya chumvi inaingilia humo. Nimeshaona wekundu kwenye bawaba mbili. Chuma cha milimita 1 kikiliwa na kutu kidogo tu, kile kilichoandikwa kwenye kibandiko hakipo tena. Mimi napaka girisi kwenye bawaba na rangi kwenye matundu kila wageni wakiondoka.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kwa mgeni mmoja mzima, au watoto wawili waliotulia, nunua. Kwa watu wazima wawili, kwa namna kinavyotoka dukani, hapana, hata muuzaji aape. Dukani usikilale ukaridhika. Kaa ukingoni katikati, pale kwenye bawaba, wewe na mwenzako, na muuzaji akiwa anatazama. Akikataa msikae, umeshajibiwa. Na kikifika nyumbani usikikunje na godoro nene ndani yake, kwa sababu linazisukuma bawaba kila siku hata kama hakuna mtu aliyelala.