Uzoefu wangu: jicho la mfano la retinoskopia na duka la Kisumu lililokataa kulitazama

Mwanafunzi wa optometria, yaani fani ya kupima macho, anayetaka mkono wake uizoee retinoskopu, ile tochi ya kumulika jicho ili kujua linahitaji lenzi gani, anahitaji jicho la mfano, na yeyote atakayekuambia kwamba hiyo ni anasa hajawahi kukaa katika chumba chenye giza akimmulika mwenzake mpaka mwenzake huyo akaanza kutokwa na machozi. Nalisema hili mapema kwa sababu mengi nitakayoyaeleza ni ya hasira, na sitaki msomaji adhani kwamba nakishutumu kifaa cha aina hii kwa jumla. Nakishutumu kile nilichouziwa Kisumu, na zaidi ya hicho namshutumu mtu aliyeniuzia.

Jicho la mtu halisi halitulii. Unapolimulika, mboni hujibana. Ukimwomba mwenyewe aitazame herufi kubwa iliyo mwisho wa chumba, baada ya muda hukutazama wewe, na mara tu anapokutazama, lenzi iliyo ndani ya jicho lake hujibadilisha ili aone karibu, hesabu yako yote ikaharibika. Kwa mtoto mambo huwa magumu zaidi, ndiyo maana kliniki hutumia matone kama ya saiklopentoleti ili kuilegeza misuli inayoibadilisha lenzi hiyo, nayo ni dawa ambayo mwanafunzi hawezi kuwatia wenzake kila jioni kwa ajili ya mazoezi tu. Jicho la mfano halina matatizo hayo. Ni mirija miwili inayoingiana, lenzi mbele, karatasi nyekundu nyuma mahali pa retina, na kipimo cha dayopta, yaani cha nguvu ya lenzi, ubavuni. Ukiuvuta mrija wa ndani unapata jicho refu, la mtu asiyeona mbali. Ukiusukuma unapata jicho fupi ambalo mwanga hukutania nyuma ya retina yake. Unaweza kulimulika usiku kucha bila kumsumbua mtu.

Katika chuo chetu, hapa Magharibi, vifaa hivi vipo lakini ni vichache, na foleni hurefuka mitihani ya vitendo inapokaribia. Kwa hiyo nilijinyima karibu muhula mzima, nikapanda matatu ya kutoka Kakamega hadi Kisumu, na katika duka moja la vifaa vya matibabu katikati ya mji nikalipa kwa M-Pesa pesa ambazo mama yangu alidhani ni za chakula. Siku za kwanza nilifurahi mno. Mng'ao, yaani mwanga unaorudi kutoka nyuma ya jicho kupitia mboni, ulionekana wazi, lenzi za majaribio zilikaa vizuri katika matundu yake, na ile duara ya digrii ya kusomea mhimili wa astigmatizimu, kasoro ya jicho ambalo nguvu yake hailingani pande zote, ilikuwa imechapwa kwa usafi.

Ubovu ulijitokeza nilipoanza kukiamini kipimo chake. Anayefanya retinoskopia akiwa umbali wa sentimita 67 huondoa dayopta 1.50 katika jibu lake, kwa kuwa umbali huo wenyewe unahitaji lenzi ya nguvu hiyo. Maana yake ni kwamba jicho la mfano likiwekwa kwenye sufuri, lenzi ya +1.50 inapaswa kuutuliza mng'ao: unaijaza mboni yote mara moja, wala hauendi pamoja na mwanga wako wala hauendi kinyume. Langu halikutulia. Kwa +1.50 mng'ao ulikuwa bado unakwenda pamoja na mwanga, wazi kabisa, na ulitulia nilipofika karibu na +2.50. Nikapima umbali kwa utepe wa fundi wa nguo, nikabadilisha betri, nikawaita wenzangu wanaonizidi uzoefu. Kila mmoja alipata jibu lile lile, na kila mmoja aliniangalia kwanza kama kwamba nimewatega.

Msomaji asiye wa fani hii anaweza kuiona dayopta moja kuwa kitu kidogo. Si kidogo. Mwanafunzi aliye peke yake chumbani, ambaye hana wa kumuuliza, ataamini namba iliyochapwa kiwandani kuliko mkono wake. Atajilazimisha kusimama, yaani kuacha kuongeza lenzi, mng'ao ukiwa bado unasonga, ili jibu lilingane na kipimo, na baada ya wiki kadhaa mkono utakuwa umeshika tabia hiyo. Mwenzangu mmoja aliyeliazima jicho langu alianza kufanya hivyo hivyo katika kliniki ya mafunzo, akilisimamisha kila jibu mapema. Sasa fikiria mtoto wa darasa la nne ambaye macho yake yanahitaji −2.00. Mkono uliozoea kusimama dayopta moja kabla ya wakati utamwandikia −3.00. Ataona mbali vizuri, atashukuru, atarudi shuleni, kisha misuli ya macho yake itafanya kazi ya ziada kila anapofungua kitabu, naye ataanza kulalamika kuumwa na kichwa bila mtu kuishuku miwani. Hapo Trans Nzoia walimu walishawahi kuwapima wanafunzi wao macho kwa simu, kwa programu ya Peek, nao wakaweza kuwatambua watoto wasioona vizuri. Hiyo ni kazi njema, lakini mtoto akishatambuliwa lazima aketi mbele ya mtu mwenye retinoskopu, na mtu huyo kuna mahali alipojifunzia.

Sikutaka kulaumu kabla ya kuwa na ushahidi. Nililiweka jicho mahali mng'ao ulipotulia kwa +1.50, bila kuijali namba ya ubavuni, kisha nikachomeka lenzi ninayoijua nguvu yake kutoka kasha la maabara. Jibu lilibadilika kwa kiasi kile kile cha lenzi hiyo. Nikajaribu nyingine, ikawa vivyo hivyo. Mkono wangu ulikuwa sawa, na retinoskopu ilikuwa sawa. Kilichokuwa kibaya ni kipimo, ambacho kwa kweli ni kibandiko cha karatasi ya plastiki kilichogandishwa kwenye mrija, na ukikitazama kwa makini unaona kwamba kimeanzia mbali na alama iliyochongwa kwenye mrija wenyewe. Lenzi ya dayopta 20, mfano wa iliyomo humo, hukutanisha mwanga milimita 50 nyuma yake, na hapo kila milimita moja ya kosa huleta karibu dayopta 0.40. Kibandiko kilichopotoka kwa milimita mbili na nusu kinatosha kuleta balaa lote hili.

Kukitengeneza kulikuwa rahisi kiasi kwamba hasira yangu ilipungua kwa muda. Mhadhiri wetu mmoja alinielekeza niiondoe ile karatasi nyekundu, niweke mahali pake kipande cha karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga, kisha nilielekeze jicho dirishani, kwenye mlingoti wa simu ulio juu ya kilima. Nikausogeza mrija polepole mpaka mlingoti ukaonekana juu ya karatasi, umepinduka miguu juu, kila chuma chake kikiwa wazi. Jicho linalokutanisha vitu vya mbali juu ya retina yake ndilo jicho la sufuri. Nikatia alama ya kalamu, nikakibandua kibandiko, nikakigandisha upya, na mrija wa ndani uliokuwa ukiteleza nikauzungushia utepe mwembamba wa plasta. Tangu hapo jicho limesema kweli. Nilijifunza kwalo kuutambua mhimili wa silinda, ile lenzi ya kurekebisha astigmatizimu, kwa upana na mkatiko wa mng'ao, jambo ambalo miezi mingi ya kumulika macho ya watu haikuwa imenifundisha. Kwa hiyo, kama ningeandika maneno haya jioni ile, ningesema: kinunue, kikague kibandiko, utafaidika.

Lakini nilirudi dukani. Sikwenda kudai pesa zote. Nilikwenda na kifaa, utepe na lenzi, nikitaka wanibadilishie au angalau wajue kwamba bidhaa yao ina kasoro. Mwenye duka, mtu wa makamo, nilimwamkia kwa heshima inayomstahili mtu wa rika la baba yangu, nikamwomba dakika chache.

"Mzee, kipimo cha hiki kifaa kimebandikwa vibaya. Ukiniruhusu nitakuonyesha hapa mlangoni."

Hakukishika. Hakukitazama hata kwa jicho moja. Aliendelea kuandika katika kitabu chake, kisha akasema kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia:

"Msichana, hicho kimetengenezwa na wataalamu. Kama hupati jibu, rudi kwa mwalimu wako akufundishe. Na nyinyi wanafunzi mkishavifungua vitu, mimi sirudishi."

Nikamwambia kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyenionyesha kosa. Akacheka, akauliza ni chuo gani hicho kinachowafunza watu kubishana na wazee. Kijana wake wa kaunta akaniambia kwa upole nimwachie namba ya simu, naye mzee akamkataza.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi, na nimejaribu kumwelewa. Yeye si mtaalamu wa macho. Anauza glavu, viti vya magurudumu, mashine za kupimia shinikizo la damu, na labda hajui jicho la mfano linafanya nini. Hilo lingekuwa udhuru kama angesema hajui. Badala yake alichagua kuamini kwamba msichana aliyesimama mbele yake ndiye asiyejua. Na huyo ndiye mtu ambaye kazi yake ni kuwauzia vipimo watu watakaopima macho ya watoto. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari zinazohitajika ili azitumie vizuri. Sikuomba upendeleo. Niliomba atazame.

Nilipokuwa nikizifunga lenzi zangu, baba mmoja aliyekuwa na orodha ya vifaa mkononi, orodha ya mwaka wa kwanza ninayoijua vizuri, aliuliza bei ya jicho la mfano. Mwenye duka akaliteremsha moja kutoka katoni ile ile lilikotoka langu, akamhakikishia kwamba halina shida yoyote. Nilijaribu kumwambia yule baba akague kibandiko kwanza. Aliniangalia kwa mashaka, kwa sababu alikuwa ametoka kunisikia nikiaibishwa, akalipa, akaondoka. Mtoto wake sasa yuko mahali fulani anajizoeza kusimama dayopta moja kabla ya wakati, naye anadhani anafanya vyema.

Kwa ajili ya yule baba nayaondoa maneno mema niliyoyasema juu. Kifaa ambacho ni lazima mwanafunzi wa mwaka wa tatu akitengeneze ndipo kiseme kweli hakimfai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa huyo hana namna ya kujua kwamba kinadanganya. Usikinunue kwa duka lisilokuruhusu kukijaribu kabla ya kulipa. Ukiruhusiwa, nenda na kipande cha karatasi ya kuchorea, toa ile nyekundu, elekeza mlangoni kwenye kitu kilicho mbali, mnara au paa la ng'ambo ya barabara, na uone kama picha inakuwa wazi kipimo kikiwa kwenye sufuri. Kitu kilicho umbali wa mita 10 kinaleta kosa la dayopta 0.10 tu, kwa hiyo hata barabara ya mjini inatosha. Picha ikikataa, kirudishe juu ya kaunta bila kuona haya, hata ukiitwa jina gani.

Wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili ambao tayari mmenunua Kisumu, leteni macho yenu maabara jioni baada ya kliniki kufungwa. Karatasi ya kuchorea ninayo, plasta ninayo, na kukibandua kibandiko na kukigandisha upya hakuchukui hata muda wa kuchemsha chai. Na kama baba wa orodha ile atasoma haya, namwomba ampigie mwanawe leo, amwambie asikiamini kipimo cha ubavuni mpaka akijaribu dirishani.