Kioo cha mkononi cha kukuza mara 10, kwa wanaoyachunguza majani ya pwani

Kioo hiki kidogo, kinachokunjwa ndani ya kifuniko chake cha chuma, nimekitumia kuyatambua majani, yaani nyasi, yanayoota pembezoni mwa mikoko ya Chwaka, Unguja, na kwa kazi hiyo nakipendelea kuliko kamera ya simu, kwani picha ya simu huonyesha ukijani mmoja tu, ilhali ndani yake mnaweza kuwa na majani ya aina tatu, yote yakitambaa na kuishi mwaka hadi mwaka.

Lililonishughulisha zaidi ni Sporobolus virginicus, jani la asili linaloota juu kidogo ya mikoko, kwenye mchanga wa chumvi unaofikiwa na maji ya bamvua. Ni fupi na gumu, ncha yake huchoma, na suke lake ni moja, jembamba, lililosimama wima. Paspalum vaginatum hupenda palipo na majimaji zaidi, na masuke yake kwa kawaida ni mawili yanayoachana kileleni. Ukoka, unaojulikana na kila mtu, hutandaza masuke yake mfano wa vidole.

Kazi huwa ngumu masuke yasipokuwapo, na hapo ndipo thamani ya kioo inapoonekana. Lifunue jani taratibu pale linapoachana na shina, kisogeze kioo hadi karibu na jicho, kisha ulilete jani mpaka umbali wa kama sentimita 2.5: Paspalum ina kiwambo chembamba, na Sporobolus ina safu ya vinyweleo vifupi. Ukoka nao una vinyweleo, hivyo alama hiyo haitoshi kuutenga na Sporobolus. Utazame pia ugumu wa jani na mahali lilipoota. Jua likiwa kali, juu ya jani la Sporobolus huonekana chembe za chumvi ambazo mmea wenyewe umezitoa. (Ndago haihitaji kioo, zungusha shina lake vidoleni, utazihisi pembe tatu.)

Kasoro yake ni skrubu, ambayo imeanza kushika kutu kwa hewa ya bahari, na mchanga ukiingia kwenye kifuniko hukwaruza lenzi, kwa hiyo kioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kila baada ya kazi. Anayenunua asivutiwe na cha mara 20, kwa sababu huonyesha eneo dogo mno na hutaka mkono usiotikisika, jambo lisilowezekana ufukweni wakati wa kusi.