Toi la raba la kujaza chakula: kama mtoto wa mbwa anakumalizia viatu, soma kwanza

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: nunua, ila kama hutalijaza kitu ndani basi hela yako umeitupa. Yaani ukimpa likiwa tupu atalinusa, atalisukuma na pua kidogo alafu huyoo anarudi kwenye mguu wa meza. Wengi wanaolalamika halifanyi kazi ukiwauliza waliweka nini ndani wanashangaa, kumbe kuna kitu kinawekwa?

Kwa asiyelijua, ni raba nene kama mabonge matatu yamepandana, kubwa chini dogo juu, katikati wazi. Lililoanzisha mtindo huu ni KONG la Marekani, miaka ya 1970 huko, jamaa anaitwa Joe Markham alikuwa na German Shepherd wake Fritz anatafuna mawe mpaka meno yanaharibika, sasa siku anatengeneza gari lake la Volkswagen mbwa akachukua kipande cha raba kilichotoka kwenye gari akakipenda kuliko mawe, wazo likaanzia hapo. Leo kampuni kibao zinatengeneza ya aina hiyo, langu mimi ni la kampuni nyingine, jina naliacha.

Kwa nini raba na sio kumpigia makelele? Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, kuanzia kama miezi mitatu minne yanaanza kung'oka yanapisha 42 ya ukubwani, na mpaka yaishe kuota ni miezi sita saba hivi. Fizi zinamsumbua muda wote huo. Atatafuna tu upende usipende, kwa hiyo cha kuamua ni atafune nini, na hapa ndio toi linapata nyota zake kwangu.

Ninavyolitumia: nachukua chakula chake kikavu cha kila siku, naloweka na maji kikilainika nashindilia ndani, kwenye mdomo wa toi napaka siagi ya karanga kidogo, naweka friza usiku kucha. Asubuhi anapewa barafu hiyo na nyumba inatulia, analamba, anang'ata, ubaridi unamtuliza fizi, akimaliza analala. Lakini usianze na la friza! Mwanzoni weka punje kavu tupu ambazo akilibingirisha zinadondoka zenyewe, aone linalipa, ukianza na gumu atakata tamaa aliache. Na hicho chakula kitoe kwenye mgao wake wa siku sio nyongeza, utafuga mpira.

Siagi ya karanga SOMA LEBO. Kuna zinazotiwa utamu wa zailitoli, kwenye kopo wanaandika xylitol, hiyo kwa mbwa ni sumu, inashusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuua ini. Sio utani.

Wakati wa kununua angalia matundu. Lazima liwe na tundu pande zote mbili, lenye tundu moja tu mbwa akiingiza ulimi linaweza kuvuta hewa na kuung'ang'ania, ulimi unavimba, mambo ya daktari hayo. Saizi iwe kubwa ambayo haiwezi kupita nyuma ya magego, ukiwa njia panda kati ya saizi mbili chukua kubwa. Ugumu pia, kwa wenye meno ya utoto chukua raba laini ya watoto, ukibonyeza na ukucha iwe inabonyea. Hiki kipimo cha ukucha kitumie kwa kila kitu unachompa atafune maana pembe za swala, kwato na mifupa migumu vinapasua meno, na mfupa uliopikwa ndio usiseme, unavunjika vipande vyenye ncha.

Sasa ile spreyi chungu ya kupulizia fanicha, ambayo huwa wanaiweka karibu na hizi toi ili uchukue vyote. Nyota moja na nusu. Kuna mbwa akionja anakunja uso anaondoka, wa kwangu alilamba kama kapewa kachumbari. Hata ikifanya kazi harufu na uchungu vinaisha inabidi upulizie tena na tena, na inamwambia hapa sio lakini haimwambii pa kwenda. Waya za umeme usizitegemezee spreyi hata kidogo, zifiche au chomoa, akiifikia shaba ndani ni kuungua mdomo au kufa kabisa.

Toi halifanyi kila kitu. Viatu na soksi bado unatakiwa uviweke juu (soksi ikimezwa inaziba utumbo, ukiona anatapika na hataki kula usisubiri), na akishika kitu chako usimkimbize, kwake huo ni mchezo mtamu sana, mpe toi abadilishane. Alafu akiwa amepitiliza usingizi anang'ata kila kitu, vichanga hawa wanalala hata saa 18 kwa siku, kwa hiyo kuna muda dawa ni kumlaza tu.

Kasoro kubwa ni kuosha. Mabaki yanaganda kule ndani kwenye kona, usipoyatoa mapema yananuka vibaya, loweka maji ya moto na sabuni ingiza brashi ya chupa. Mpe kwenye sakafu sio kwenye zulia, barafu ikiyeyuka ni tope tupu. Na ukiona raba imeanza kumeguka tupa siku hiyo hiyo, vipande anavimeza.

Kwangu nyota nne. Ukiweza chukua mawili, moja mdomoni moja friza.