Kusukuma moshi wa kutafutia mivujo kwenye gari: hewa ya kompresa au nitrojeni?

Kwenye manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda za injini), kompresa inatosha: zima injini, ziba mdomo wa bomba la kuingizia hewa, ingiza moshi, subiri dakika chache, kisha mulika tochi kwenye gasketi na mipira ya vakyumu uone moshi unatokea wapi.

Mfumo wa mvuke wa petroli, unaozuia mvuke wa tangi usitoke nje, ni habari nyingine. Hewa ina oksijeni. Ikichanganyika na mvuke tangini, cheche moja yatosha kuulipua. Hapo tumia nitrojeni, presha isizidi psi 1, la sivyo utaharibu sili. Ubaya wake? Mtungi huisha, na kwenye karakana iliyofungwa gesi hiyo hufukuza oksijeni, kwa hiyo fungua milango. Moshi ukimwagika karibu na kanista (kopo la mkaa linalonasa mvuke huo wa petroli), usiilaumu upesi: huenda vali yake ya kupumulia haijafungwa.