Uzoefu wangu na Google Authenticator: simu ilizama Mkoani, picha za maharusi zikasalimika

Mimi ni mpiga picha wa harusi, nipo Wete, Pemba. Kazi yangu kubwa ni shughuli za wanawake peke yao: siku ya kupakwa hina na piko, siku biharusi anapotolewa nje. Mle ndani watu wamevua mabuibui, na mwenye shughuli hunikubalia kwa sharti moja, picha zisionekane na mwanamme asiyehusika. Picha zote nazipandisha kwenye akaunti yangu ya Google siku ile ile, simu haina nafasi. Kwa hiyo akaunti ile ni amana za watu.

Zamani namba ya uthibitisho, ile unayoulizwa baada ya nywila unapoingia kwenye akaunti, ilikuwa inanijia kwa meseji. Niliacha baada ya rafiki yangu kuibiwa laini: mtu alijifanya yeye, akarudishiwa namba ile kwenye kadi nyengine, meseji zote zikawa zinaingia kwake. Google Authenticator, programu ya simu inayotoa namba hizo, haitegemei laini. Ukishaskani msimbo wa QR (ule mraba wa vidoa) unaoonyeshwa na akaunti mara ya kwanza, siri inabaki ndani ya simu, na kila sekunde 30 programu inatoa tarakimu 6 mpya kwa kuchanganya siri hiyo na saa. Hata huna bando, hata mtandao umekatika kutwa nzima, namba zinatoka.

Mwezi uliopita, nikishuka botini bandari ya Mkoani, simu iliniponyoka ikaingia baina ya boti na gati. Nilisikia chubwi, basi.

Tokea 2023 programu hii inaweza kuhifadhi namba zako kwenye akaunti ya Google, nami nilikuwa nimeiwasha huduma hiyo. Lakini ili zirudi lazima kwanza uingie kwenye akaunti, na akaunti nayo inataka namba. Ufunguo umo ndani ya nyumba, na nyumba imefungwa! Kilichonitoa ni karatasi. Google hukupa namba 10 za akiba, kila moja tarakimu 8, ya kutumika mara moja tu. Zangu niliziandika kwa mkono nikazitia ndani ya bahasha ya cheti cha kuzaliwa.

Nikaazima simu ya mama, nikaingia. Picha zote zipo, alhamdulillahi, na namba zikarudi. Ila nilipotaka kufungua ukurasa wangu wa biashara, ambao nao unataka namba za programu hii, kila namba ikakataliwa. Mara tano, mara sita. Moyo ukanienda mbio, nikadhani kuna mtu ameshaniingilia. Kumbe mama saa ya simu yake ameiweka kwa Kiswahili: saa mbili asubuhi inasoma 2:00, si 8:00. Namba zinahesabiwa kwa saa, basi mimi nilikuwa natia namba za usiku wa manane. Nikaiacha saa ijiweke yenyewe kwa mtandao, namba ya kwanza tu ikapita.

Naipa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu ukihifadhi namba kwenye akaunti, anayeikamata akaunti amezikamata na namba za kurasa zako zote. Wala haikukingi ukimtajia mtu namba kwa simu.

Nilipopata simu nyengine nikaiondoa akaunti kwenye simu ya mama, nikamrudishia na saa yake. Karatasi imo kwenye bahasha. Namba moja nimeikata kwa kalamu, zimebaki 9.