Flickr darasani: kwenye madokezo inang'aa, kwenye picha za faragha inabana

Flickr, tovuti ya kuhifadhi na kuonyeshana picha, ni ya mwaka 2004, na tangu 2018 iko mikononi mwa kampuni ya SmugMug. Menyu ya Kiswahili haina. Kinachoifanya istahili nafasi darasani ni dokezo: unachora kisanduku juu ya sehemu ya picha, unaandika maneno ndani yake.

Chukua ua la haibiskasi lililopigwa kwa karibu. Mmoja atazungushia mnara wote wa katikati na kuandika "stameni", yaani sehemu ya kiume ya ua. Mwingine atachora kisanduku kidogo pale juu kabisa, kwenye vile vifundo vitano, na kuandika "stigma", sehemu ya kike inayopokea chavua. Hapo somo limeanza, kwa sababu visanduku vyote viwili viko mbele ya darasa na kila mmoja anatetea chake. WhatsApp haikupi hilo.

Kabla ya kipindi, pitia mipangilio ya faragha. Ruhusa ya kuweka madokezo huanza ikiwa ya watu unaowafuata tu, hivyo akaunti ya mwanafunzi usiyemfuata itagonga mwamba na utadhani mtandao ndio mbovu. Tumieni kompyuta, simu siyo ya kazi hii. Walio chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kufungua akaunti. Kwa darasa la msingi, fungua moja ya mwalimu, tumia projekta na uwaite wachore kwa zamu.

Somo la ramani nalo linawezekana, ila lina mtego. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za mahali na saa ilipopigwa hufutwa, kwa hiyo haitajiweka kwenye ramani. Ichukueni moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyopiga, na muwashe kwenye mipangilio ya Flickr kipengele cha kusoma mahali picha ilipopigwa. Picha zilizopigwa nyumbani kwa watoto zisiwekewe mahali kabisa.

Bando: picha 40 za MB 4 kila moja ni MB 160. Zipunguze hadi pikseli 1,600 kwa upana. Kwa kioo cha darasani inatosha.

Tatizo kubwa ni akaunti ya bure. Inabeba picha 1,000, lakini zisizo za umma ni 50 tu. Darasa la wanafunzi 45, kila mmoja na picha mbili, ni 90: umeshapita. Wengi hapo hushawishika kuziweka hadharani. Usifanye hivyo ikiwa sura za watoto zinaonekana. Weka hadharani maua, udongo na majengo. Zile 50 ziwe za watu, na wazazi watumie kiungo cha mgeni kinachofunguka bila akaunti.

Mwalimu wa historia asihangaike hata kupakia. Idara ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza (The National Archives) iliweka humo picha za kikoloni za Afrika, Tanganyika na Kenya zikiwamo. Someni maelezo yake kwa jicho kali: yaliandikwa na watawala.